Malezi ya pamoja baada ya talaka: Japani na Australia hazijapishana

Mei 2024, ndani ya siku 11 tu, nchi mbili zilifanya mambo yaliyoonekana kupingana kabisa juu ya watoto wa wazazi walioachana. Tarehe 6, Australia ilianza kutumia marekebisho ya Sheria ya Familia yaliyofuta dhana ya kisheria, yaani mahali ambapo hakimu alitakiwa kuanzia, kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa pamoja wa kumwamulia mtoto mambo makubwa. Tarehe 17, Bunge la Japani likapitisha sheria inayowaruhusu wazazi walioachana kubaki wote wawili na mamlaka juu ya mtoto wao, jambo ambalo Sheria ya Madai ya nchi hiyo ilikuwa hailijui kwa miongo mingi. Utekelezaji ukapangwa kuanza tarehe 1 Aprili 2026. Tangu hapo, kila mjadala wa talaka na watoto ninaoufuatilia haumalizi dakika kumi bila mmoja kuitaja Japani kama ushahidi kwamba dunia imeyakubali malezi ya pamoja, na mwingine kumjibu kwa Australia, kwamba walioyajaribu kwa karibu miaka 20 wameyatupa.

Wote wawili wamesoma vichwa vya habari wakaishia hapo. Ukizifungua sheria zenyewe utaona nchi hizi zimetoka pembe mbili tofauti na zinaelekea mahali pamoja. Zote zinasahihisha kosa lile lile, la kuamini kwamba jina la malezi linaloandikwa kwenye karatasi ya talaka, la mzazi mmoja au la wawili, ndilo linalomlea mtoto. Kinachoamua maisha ya mtoto huyo ni taratibu na huduma zinazoizunguka familia tangu siku wazazi wanapotengana: nani anawasuluhisha, nani anahakikisha matunzo yanalipwa, nani anachunguza kama nyumbani kuna kipigo, na nani anakaa na mtoto akamsikiliza. Nchi inayobishana juu ya jina la malezi huku haya yakiwa hayana mwenyewe inajichosha bure.

Tuanze na Japani, kwa sababu huko ndiko karatasi ilikoachiwa kazi nzima. Takribani talaka tisa kati ya kumi nchini humo hazipiti kwa hakimu. Mume na mke wanakubaliana, wanajaza fomu, mashahidi wawili watu wazima wanaweka majina yao, fomu inapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa, na ndoa imekwisha. Kwenye fomu ya zamani kulikuwa na sehemu mbili za kuandika majina ya watoto, wale watakaokuwa chini ya mamlaka ya mume na wale watakaokuwa chini ya mamlaka ya mke. Sehemu ya tatu haikuwepo. Mzazi ambaye jina la mtoto halikuandikwa upande wake alipoteza mamlaka ya kisheria papo hapo, na wengi walipoteza na mtoto mwenyewe, maana aliyekuwa akiishi na mtoto siku ya kutengana kwa kawaida ndiye aliyebaki naye. Kuanzia Aprili 2012 fomu iliongezewa visanduku vya kuonyesha kama wazazi wamekubaliana juu ya kumwona mtoto na juu ya matunzo, lakini ukiviacha wazi talaka bado inasajiliwa. Matokeo yake yanajulikana. Katika utafiti wa kitaifa wa serikali wa mwaka 2021, ni asilimia 28.1 tu ya kaya za mama anayelea peke yake walioeleza kwamba wakati huo walikuwa wakipokea matunzo kutoka kwa baba. Kilio cha wazazi wa kigeni waliotenganishwa na watoto wao kilifika hadi Bunge la Ulaya, ambalo Julai 2020 lilipitisha azimio la kuikosoa Japani.

Australia ilikosea kwa njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1975 ilikuwa tayari imeondoa habari ya kutafuta nani mkosaji katika ndoa, na talaka hutolewa kwa kuthibitisha kwamba wanandoa wametengana kwa miezi 12. Mwaka 2006 yakaja marekebisho yaliyoweka dhana kwamba wajibu wa pamoja na ulio sawa ndio unaomfaa mtoto, na kwamba pale dhana hiyo inapotumika, hakimu lazima afikirie kumgawa mtoto muda sawa kati ya wazazi, na kama haiwezekani, muda mwingi wa maana kwa kila mmoja. Kisheria, kugawana maamuzi na kugawana siku ni vitu viwili. Mitaani vikawa kitu kimoja. Baba wengi walielewa kwamba wamepewa haki ya nusu ya siku za mtoto, akina mama wengi wakaelewa hivyo hivyo, na mazungumzo ya kusuluhisha yakaanza kwa hesabu ya nusu kwa nusu hata pale ambapo mtoto alikuwa ananyonya au wazazi hawawezi kusalimiana. Dhana hiyo ilikuwa na mlango wa kutokea kwa kesi za ukatili, lakini mlango huo ulikuwa mahakamani, na wengi hawakufika huko. Walikubali mipango ya hatari wakiamini kwamba hata wakienda kwa hakimu watapewa hiyo hiyo. Tume ya kurekebisha sheria ya nchi hiyo iliueleza mkanganyiko huu katika ripoti yake ya mwaka 2019.

Kwa hiyo ni nini hasa kilichofutwa Mei 2024? Dhana. Malezi ya pamoja yenyewe yapo. Hakimu wa Australia bado anaweza kuagiza wazazi waamue pamoja, na sheria inawahimiza washauriane juu ya mambo makubwa ya mtoto pale ambapo ni salama kufanya hivyo. Kinachotakiwa sasa ni kumwangalia mtoto huyu aliye mbele ya mahakama, kuanzia usalama wake na wa yule anayemlea, bila kuanzia kwenye jibu lililoandaliwa kwa watoto wote.

Na Japani imeruhusu nini? Wazazi wanaoachana wanachagua kama mamlaka yawe ya wote au ya mmoja. Wakishindwa kuafikiana, mahakama ya familia inaamua. Pakiwa na hatari ya mtoto kudhurika, au ya mzazi mmoja kumfanyia mwenzake ukatili, mahakama haina hiari, lazima mamlaka yawe ya mmoja. Wenye mamlaka ya pamoja hawalazimiki kupigiana simu kwa kila jambo, kwani mambo ya kila siku na ya dharura mzazi aliye na mtoto anayaamua mwenyewe. Kuhama au upasuaji mkubwa ndiko kunakohitaji kauli ya wote, na wakikwama kwenye jambo moja mahakama inaweza kumteua mmoja wao aliamue hilo. Hakuna kifungu kinachosema mtoto akae nusu huku na nusu kule. Ziweke sheria hizi mbili mezani, uzifunike majina, na mtu asiyezijua atapata tabu kukuambia ipi ni ya nchi iliyofungua mlango na ipi ni ya nchi iliyoufunga.

Hoja za pande mbili zinastahili kupimwa kwa haki, kwa sababu nyuma ya kila moja wapo watu walioumia. Wanaotaka malezi ya pamoja wana hoja nzito. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 9, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuendelea kuhusiana na kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa hilo likienda kinyume na maslahi yake. Haki hiyo ni ya mtoto, na sheria inayomfuta mzazi mmoja kwa kalamu inaikanyaga. Tena, mzazi anayejua kwamba akishindwa atapoteza kila kitu atapigana kwa kila silaha, na vita hiyo itapiganwa juu ya kichwa cha mtoto. Hoja hii naikubali bila kusitasita.

Wanaopinga nao hawatishii watu kwa hadithi. Ukatili wa nyumbani hauishi siku ya talaka. Kwa aliyetawaliwa na mwenzake kwa miaka, sharti la kuomba saini yake kila mtoto anapotakiwa kuhama shule ni kamba ile ile, imeongezwa urefu tu. Ukatili wa maneno, wa kunyimwa fedha na wa kufuatiliwa hauachi kovu la kumwonyesha hakimu. Nchini Japani hoja hii ina uzito wa ziada, kwa sababu ulinzi wote uliowekwa kwenye sheria mpya unamtegemea hakimu, na tumeshaona kwamba talaka tisa kati ya kumi hazimfikii. Mwanamke anayesaini "mamlaka ya pamoja" mezani nyumbani, mume akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, amekubaliana kwa macho ya sheria. Fomu haiwezi kujua alisimama nani nyuma ya kiti.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi, kwamba mgawe mtoto nusu kwa nusu na ugomvi utaisha kwa kuwa hakuna cha kugombania. Inavutia kwa sababu ina sura ya haki. Lakini haki inayoipima ni ya wazazi wawili wanaogawana, kama wagawanavyo shamba, na mtoto anakuwa ndiye shamba. Kisha si kweli kwamba ugomvi unaisha. Kuishi nyumba mbili kwa zamu kunahitaji mawasiliano mengi kuliko mpango mwingine wowote, sare ya shule iko wapi, dawa amekunywa saa ngapi, nani anakwenda kikao cha wazazi. Wanaoelewana wanaweza, na watoto wao wananufaika. Wasioelewana, kila kukabidhiana ni nafasi mpya ya kurushiana maneno mtoto akiwa amesimama katikati, na watafiti wa familia wameonyesha kwa miongo mingi kwamba ugomvi mkali wa wazazi ni miongoni mwa mambo yanayomdhuru zaidi mtoto, ndani ya ndoa au nje yake. Australia ilikuwa na takribani miaka 18 ya kuona kama mizani ya nusu kwa nusu inatuliza wazazi, na mwisho wake ikaiondoa kwenye sheria ili wazazi waache kuitumia kama fimbo.

Kinachotuliza kinajulikana, na hakina mvuto wa kauli mbiu. Katika jimbo la Virginia, Marekani, mtafiti Robert Emery na wenzake walichukua familia zilizokuwa zimeshafika mahakamani zikigombea watoto, wakazigawa kwa bahati nasibu, baadhi zijaribu usuluhishi na nyingine ziendelee na kesi. Usuluhishi wenyewe ulikuwa wastani wa saa tano hivi. Baada ya miaka 12 walizirudia. Katika kundi la usuluhishi, asilimia 28 ya wazazi wasioishi na mtoto walikuwa wakimwona kila wiki. Katika kundi la kesi walikuwa asilimia 9. Familia zilikuwa chache, hazikufika 100, kwa hiyo sitaki kuzibebesha mzigo wa dunia nzima, lakini fikiria tofauti hiyo imetokana na nini. Mtu wa tatu mwenye ujuzi alikaa na watu wawili wenye hasira kwa saa chache, mapema, kabla hawajaandikiana mabaya kwenye hati za kiapo.

Hili ndilo Australia ililolifanya vizuri mwaka 2006 na halikupata sifa, kwa kuwa kelele zote zilikuwa kwenye dhana ya usawa. Mwaka huo ilianza kufungua vituo vya mahusiano ya familia, vikafika 65, na ikaweka utaratibu kwamba kabla ya kupeleka mgogoro wa mtoto mahakamani wazazi wajaribu kwanza usuluhishi, isipokuwa pakiwa na ukatili au dharura. Marekebisho ya 2024 hayakuligusa hilo. Norway inakwenda mbali zaidi. Wazazi wenye mtoto wa chini ya miaka 16 hawapati kutengana kisheria bila kwanza kuhudhuria angalau saa moja ya usuluhishi na kupewa cheti, na ofisi za ushauri wa familia zinazotoa huduma hiyo hazitozi kitu. Denmark mwaka 2019 iliweka muda wa kutafakari wa miezi mitatu kwa wazazi wanaotaka talaka kwa makubaliano, pamoja na kozi ya lazima ya mtandaoni juu ya kushirikiana baada ya kuachana, iliyoandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Anayekimbia kipigo hasubirishwi. Sweden ina miezi sita ya kutafakari kwa wenye watoto wa chini ya miaka 16. Kwa maoni yangu, kusubiri peke yake ni huduma hafifu. Miezi mitatu au sita bila mtu wa kuzungumza nao ni miezi ya kuishi nyumba moja na mtu mliyeshindwana, na mtoto anaihesabu siku kwa siku. Muda unafaa pale unapojazwa na kitu.

Fedha zina sura yake. Wengi hulitenga suala la matunzo na suala la kumwona mtoto, kana kwamba moja ni la mhasibu na jingine ni la moyo. Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kwenye shauri lake. Tulipokuwa tunasubiri kuitwa, binti yake wa miaka tisa alikaa na begi mapajani, akatoa daftari akanionyesha ratiba ya wiki aliyojichorea. B ni siku za baba, M ni za mama. Ijumaa alikuwa ameiacha tupu. Nikamwuliza mbona Ijumaa haina mwenyewe. "Anti, Ijumaa ndiyo baba analeta hela," akasema. "Wanagombana, kwa hiyo sijui nitalala wapi." Amri ya matunzo ilikuwepo, imesainiwa na kugongwa muhuri. Kilichokosekana ni njia ya fedha kumfikia mama bila kupitia mlangoni, mikononi mwa wazazi wawili, mbele ya mtoto.

Nchi zilizolielewa hili zilimtoa mtoto kwenye njia ya fedha. Australia tangu mwaka 1988 ina mfumo wa serikali wa kukusanya matunzo, unaoweza kuyakata moja kwa moja kwenye mshahara wa anayedaiwa. Ujerumani na Sweden zina utaratibu ambao mzazi asipolipa, serikali inatoa kiasi fulani kwa mtoto kisha inamdai mhusika yenyewe. Na hapa ndipo sheria mpya ya Japani ilipo na jambo kubwa kuliko hata malezi ya pamoja, ingawa ndilo linalozungumzwa kidogo. Hata kama wazazi hawakukubaliana chochote siku ya talaka, anayemlea mtoto anaweza kudai kiwango cha kisheria cha yeni 20,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, hadi watakapopatana au mahakama itakapoamua. Deni la matunzo limepewa kipaumbele juu ya madai mengine, na makubaliano ya maandishi yanatosha kuanza kukamata mali bila kwanza kufungua kesi ya kutafuta hukumu. Kwa mama ambaye hakuwahi kuwa na nauli ya kwenda kwa wakili, kifungu hiki ndicho talaka yenyewe.

Limebaki la kumsikiliza mtoto, na hapa nchi nyingi bado zinasuasua. Kifungu cha 12 cha mkataba ule wa 1989 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika shauri linalomhusu. Wengi wanakitafsiri kuwa ni kumwuliza, "Unataka kukaa na nani?" Swali hilo ni ukatili. Linamtaka mtoto amtie mzazi mmoja hatiani. Kumsikiliza ni kumwuliza siku yake inakwendaje, anaogopa nini, anataka nini kisibadilike, kisha mtu mzima abebe mzigo wa kuamua. Marekebisho ya Australia sasa yanamtaka wakili aliyeteuliwa kumwakilisha mtoto akutane naye na kumpa nafasi ya kueleza maoni yake, isipokuwa kama mtoto hajafika miaka mitano, hataki, au pana mazingira ya kipekee. Mahakama za familia za Japani zina maofisa wachunguzi wanaofanya kazi hiyo, lakini wanawafikia watoto ambao wazazi wao wamefika mahakamani. Wale wengine, ambao talaka ya wazazi wao ilimalizikia kaunta, hawajaulizwa na yeyote.

Ndiyo maana, kwa nchi yoyote inayofikiria kuandika "malezi ya pamoja" kwenye sheria yake, Japani na Australia hazisemi "fanyeni" wala "msifanye". Zinauliza mna nini chini ya maneno hayo. Mna wasuluhishi wangapi, na mtu asiye na fedha anawafikiaje? Mna mtu aliyefundishwa kutambua ukatili kabla watu wawili hawajawekwa chumba kimoja, au mnamtegemea aliyepigwa aseme mwenyewe mbele ya aliyempiga? Amri ya matunzo isipotekelezwa, nani anaikazia, serikali au mama mwenye mtoto mgongoni? Kama majibu hayapo, malezi ya pamoja yatawanufaisha wazazi ambao wangeelewana hata bila sheria, na kwa wengine yatakuwa uwanja mpya wa vita. Na kinyume chake ni kweli pia. Malezi ya mzazi mmoja bila huduma hizi ndiyo yaliyozaa ile asilimia 28.1 tu ya akina mama wa Japani waliokuwa wakipokea matunzo.

Wapo Wajapani walioliona hili kabla ya Bunge lao. Mji wa Akashi, katika mkoa wa Hyogo, tangu mwaka 2014 umekuwa ukiwapa wazazi wanaokuja kuchukua fomu ya talaka karatasi nyingine ya kupanga malezi: mtoto atakaa wapi, atamwona mwingine lini, matunzo ni kiasi gani na yatalipwa vipi. Baadaye mji huo ukaanza kusaidia hata kwa matunzo yasiyolipwa. Karatasi hiyo haimlazimishi mtu kitu. Lakini inamwekea kila mzazi maswali hayo mbele ya macho, na kwenye kaunta yupo ofisa anayeweza kumwuliza aliyekuja kuichukua peke yake, kwa sauti ya chini, kama nyumbani kuna salama.